Fungu la Mjomba

Nimekosa, ndugu zangu, na sitafuti mtu wa kumtupia lawama. Yupo aliyenidanganya, na uovu wake nitausema wote hapa, lakini aliyetega masikio ni mimi.

Kwa padre nimekwisha kwenda. Alinisikiliza, akanipa sala zangu, nikazisali. Lakini kuna kosa ambalo hata Mungu akikusamehe bado unakutana nalo njiani kila Jumapili. Ndiyo maana nimekuja kwenu wasomaji wa gazeti hili. Jina langu liacheni. Mkijua kwamba mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, na kwamba nimezaliwa Kibosho, huko juu mlimani, inatosha.

Kwetu tulikuwa wavulana watatu na dada mmoja. Kaka yetu mkubwa alipewa kihamba chake, yaani shamba la ukoo, mdogo wetu wa mwisho akabaki na nyumba ya wazee na migomba yake. Ndivyo desturi yetu ilivyo. Mimi ni wa katikati, na wa katikati hupewa baraka na kuonyeshwa njia ya kwenda mjini! Nikashuka Moshi, nikajifunza cherehani, nikapanga chumba kimoja, nikaoa.

Mke wangu alifariki kwa uzazi wakati wa ile vita kubwa ya pili, siku ambazo nguo zilikuwa adimu mpaka sisi mafundi tulikuwa tunashona magunia. Aliniachia mtoto wa kike, Manka, na mtamba mmoja aliyemlea mwenyewe tangu akiwa ndama. Alimwita Sukari.

Haya, niambieni. Mwanamume mwenye chumba kimoja mjini atamfanya nini mtoto mchanga? Na ng'ombe atamfunga wapi, kwenye mguu wa cherehani?

Matanga yalikuwa hayajaisha dada yangu Apolonia aliposimama katikati ya watu, akamfunga Manka mgongoni kwake, akasema, "Baba Manka, huyu nampeleka kwangu. Na Sukari nampeleka. Wewe nenda kashone."

Hakuuliza nitampa nini. Mumewe, shemeji Kletusi, mtu wa maneno machache kama ana uhaba nayo, alimfungua Sukari kamba na kumtanguliza njiani.

Kwetu mlimani si jambo geni mtu kumfugia mwenzake ng'ombe. Anayefuga hunywa maziwa na kupata samadi ya migomba, mwenye ng'ombe hupata ndama. Sukari alipozaa mara ya kwanza, ndama yule nikampa mdogo wangu na maziwa yakabaki kwa dada. Mtoto wangu akayanywa, akanenepa, akaota meno, akatembea. Mtu wa kwanza kumwita mama alikuwa dada.

Mimi nilikuwa napanda Jumapili baada ya misa. Nakuta mtoto ameoga, amepakwa mafuta, mtori wa ndizi uko tayari, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kunipozea koo ipo. Nakula, nakunywa, nambeba Manka kidogo, nashuka. Ndizi za kupika wiki nzima nimefungiwa kwenye kikapu.

Kwa lugha yetu asante ni aika. Ni neno dogo, halina hata uzito wa kumchosha mtu ulimi. Wallahi sikumbuki kama niliwahi kumwambia dada aika! Nilichompa ni ahadi. Siku moja nilimsimamisha uani, nikampima kwa futi yangu, mabega, kifua na kiuno, nikamwambia nitamshonea gauni ambalo wanawake wa Kibosho watageuka kanisani kulitazama. Alicheka sana. Vipimo nikaviweka kichwani na gauni likaishia huko huko.

Sasa nije kwa rafiki yangu. Rafiki! Hata kuliandika neno hili napata uchungu.

Jina lake ni Domisiani, mtu wa Uru, na alikuwa anatengeneza baiskeli kwenye baraza ile ile niliyoshonea. Mcheshi huyo! Mteja akija kugomba kwamba suruali imebana, Domi anamwambia, "Bwana, suruali haijabana, wewe ndiye umebarikiwa." Mteja anacheka, mimi napona. Mbege akinunua ananiita. Nilipofiwa alilala chumbani kwangu ili nisilie peke yangu. Tangu hapo nikamhesabu ndugu, na ndugu zangu wa kweli nikawahesabu kama watu wa Jumapili.

Jumapili moja nilipanda naye Kibosho. Dada alimpokea vizuri, akamkaangia ndizi. Wakati mimi nacheza na Manka, Domi aliomba kumwona ng'ombe. Akaingia upande wa zizi ndani ya nyumba, akakaa huko muda, akatoka anafuta mikono.

Njiani tukishuka alikuwa kimya. Nikamuuliza ana nini.

"Nyamaza tu, ndugu yangu. Mambo ya familia ya watu si yangu."

"Sema, Domi."

"Mtoto wako anakunywa maziwa?"

"Si ndiyo maana ng'ombe yuko pale?"

Akatikisa kichwa. "Mimi nimeona kibuyu kinafungwa kwa siri. Na majirani wa dada yako wana watoto wenye mashavu kweli kweli. Sikusema kitu. Lakini wewe hushangai mtoto wa Moshi mjini, baba yake fundi, kulishwa ndizi tupu?"

"Mbona Sukari ana tumbo zuri?"

"Tumbo la njaa lile! Amevimba kwa majani mabovu. Kwetu Uru tungeona aibu kumfuga ng'ombe wa marehemu namna hiyo."

Alipotaja marehemu, akawa amenishika pabaya. Wiki nzima sindano ilinichoma vidole. Nilikuwa namwona mke wangu ananiuliza, mtoto wangu umempa nani?

Siku ya kazi, si Jumapili, niliamka nikapanda Kibosho bila kuaga mtu. Nilitaka kufumania, na nikafumania!

Nilimkuta dada anatoka mlangoni. Mkononi ana kibuyu cha maziwa, kimefunikwa jani la mgomba, na kwa jinsi alivyokibeba kilikuwa kizito. Nyuma yake, kwenye kizingiti, Manka amekaa na bakuli la mtori.

"Dada, hicho kinakwenda wapi?"

Alishtuka kwa furaha. "Baba Manka! Karibu! Ngoja nifike hapo kwa jirani mara moja, narudi..."

"Kwa jirani! Mbele ya macho yangu!"

"Baba Manka, narudisha..."

Sikumwacha amalize. Nilipiga kelele mpaka watu wakasimama mabondeni. Nilimwita mwizi. Dada yangu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, nikamwita mwizi wa maziwa ya yatima! Nilisema mke wangu analia kaburini. Nilisema mengine ambayo gazeti halitayachapa, na afadhali lisiyachape.

Shemeji Kletusi alikuja kutoka kwenye kahawa na kisu chake cha kupogolea. Akasema, "Shemeji, kaa kwanza. Kunywa maji."

"Sikuja kunywa. Nimekuja kuchukua mali yangu."

Dada alikuwa bado amekishika kile kibuyu. Akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Umekuja na mbege?"

Nieleze kwa wasiojua. Ng'ombe aliyefugiwa kwa mtu haondolewi mkono mtupu. Unatangulia na mbege, mnakaa, unamshukuru mfugaji kwa majani yote aliyokata, mnapatana siku. Hata kama mmegombana. Kumwondoa ng'ombe kwa kamba tu ni kumtangazia mfugaji, mbele ya ukoo na majirani, kwamba hakukutendea jema lolote. Mimi nililijua hilo tangu utoto.

Nikasema, "Mbege ya nini? Ya kumshukuru mwizi?"

Alikiweka kibuyu chini, akaingia ndani, akatoka na kinguo cha Manka kimekunjwa. Akampangusa mtoto mdomo. Nakumbuka vizuri, juu ya mdomo wa Manka palikuwa na mstari mweupe, na mimi kwa upumbavu wangu nikasema moyoni, uji huo, wamempa uji wa maji.

Nilimfungua Sukari, nikamtupa Manka begani, nikaondoka mchana kweupe, kwenye njia ambayo wanawake walikuwa wanatoka sokoni. Mtoto alilia akinyoosha mikono nyuma. "Mama! Mama!" Wale wanawake walisimama kando kunipisha, na hakuna aliyenisalimu.

Nikavuka mito, nikafika Uru kwa Domi. Ndiye aliyejitolea, mnaona! Mke wake atamlea Manka pamoja na watoto wao, na Sukari atapata majani mazuri. Asubuhi yake Sukari hakutoa hata tone. Domi akashika kichwa. "Umeona? Wamemkamua mpaka amekauka! Tutamlisha, atarudi." Nikamwamini. Jamani, nikamwamini na nikamshukuru! Nilimwambia aika mara zisizo na idadi. Nikamshonea koti la kaki lenye bitana, vifungo vya pembe, kazi ambayo sijawahi kumfanyia hata mzungu. Dada wa damu yangu gauni lake lilikuwa bado kichwani mwangu, na Domi wa baraza amevaa koti!

Baada ya majuma kadhaa akaja chumbani kwangu na ngozi mbichi na fungu la nyama, kama desturi inavyotaka ng'ombe wa mtu akifa. Macho mekundu. "Ndugu yangu, Sukari ametutoka. Alikuwa mgonjwa tangu Kibosho. Dada yako alishammaliza."

Nilikaa chini nikalia. Ile nyama nikaipika, nikala nikimlaani dada yangu kila tonge.

Kazi ilikuwa nyingi, ilikuwa karibu na Pasaka, na kwenda Uru nikachelewa. Nilipokwenda nilimkuta Manka amekaa peke yake jikoni karibu na majivu. Nywele zimekuwa nyepesi, tumbo liko mbele, kikohozi kikavu. Mke wa Domi hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Watoto wake walimtosha, na aliponiona alianza kulia kabla sijamuuliza kitu. Domi hakuwepo.

Lililonivunja ni kwamba Manka hakulia. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayepita, akarudi kutazama majivu. Mtoto amejifunza kwamba kilio hakileti mtu.

Nikambeba. Sikuwa na mpango, nilitaka tu kushuka naye mjini. Tukapita njia ya Rau, chini huku karibu na msitu. Kwenye ua mmoja ng'ombe akalia. Manka aliinua kichwa begani kwangu, tangu Uru alikuwa hajakiinua.

"Sukari," akasema.

"Sukari amekufa, mwanangu."

"Sukari!" Akaanza kujirusha. Nikamshusha ili nimtulize, akapenya kwenye ua wa watu na miguu yake myembamba, mimi nyuma yake naomba radhi. Na alikuwepo. Wallahi alikuwepo! Sukari mwenyewe, baka lake jeupe kwenye paji, anamlamba mtoto wangu kichwa na nywele zake zile chache. Pembeni yake ndama mzuri ananyonya.

Mwenye ua alikuwa Mzee Ramadhani, mtu mzima wa mjini, anauza maziwa kwa watu wa Moshi. Nilisahau hata kumsalimu.

"Mzee, huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Salamu kwanza, kijana."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'ombe ni wangu. Nimemnunua kwa mtu wa Uru, bwana mmoja wa baiskeli. Ana koti zuri, sijui amelipata wapi. Aliniuzia na mimba yake, akazaa hapa hapa."

Mimba! Ndilo tumbo la njaa. Domi aliingia zizini siku ile, akampapasa Sukari, akaujua utajiri wangu kabla yangu. Ng'ombe akikaribia kuzaa hukauka maziwa, hilo hata mtoto wa Kibosho analijua. Mimi nilikuwa nimekaa mno na nguo za watu, nikawa sijui kitu cha kwetu.

Na ile ngozi niliyoililia? Ya ng'ombe wa bucha! Nililia matanga ya ng'ombe wa watu.

Mzee Ramadhani alinitazama, akamtazama mtoto. Hakuuliza zaidi. Akaita ndani, wakaleta maziwa kwenye kikombe cha bati, yakiwa na joto bado. Manka akanywa mpaka akaguna ndani ya kikombe. "Kila ukipita, mpitishe anywe," akasema mzee. Mtu nisiyemjua, ambaye sikuwa na cha kumpa! Siku hiyo nilisema aika, na ilitoka kwa shida kama kitu kilichokwama.

Nilikimbilia baraza. Zana za Domi hazipo. Muuza karanga akaniambia amepanda treni kwenda Tanga, mashamba ya mkonge, na amevaa koti langu. Hata leo sijamtia machoni. Ule usiku aliolala kwangu nilipofiwa, najiuliza kama alikuwa ananifariji au anahesabu nilichobakiwa nacho. Ukiibiwa na mwizi hasara ni ng'ombe, lakini ukimpoteza rafiki wa namna hiyo, hata mema yake ya zamani unaanza kuyatilia shaka moja moja.

Sikuwa na pa kwenda ila juu.

Kwetu kuna mmea, isale. Ndio unaopandwa mipakani mwa vihamba, na ndio unaoombea msamaha. Ukimkosea mtu, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea amekusamehe, na kulikataa ni jambo zito ambalo hata mkorofi huliogopa. Nikachuma mpakani kwa kaka yangu, nikafunga fundo, nikaenda kwa dada.

Dada hakuwepo. Shemeji Kletusi alikuwa ameketi nje ananoa kisu. Aliona jani mkononi mwangu, akamwona Manka, akanisogezea kigoda.

"Yuko porini, anakata majani."

"Majani ya nini? Si ng'ombe nilimchukua?"

"Ya ng'ombe wa jirani. Mama Sabina." Akanoa kidogo. "Tangu Sukari alipokauka, alikuwa anakata mizigo miwili, mmoja wa Sukari, mmoja wa Mama Sabina. Mama Sabina akawa anampa kibuyu cha maziwa ya Manka. Siku ile mtoto alikuwa amekwisha kunywa. Dada yako alikuwa anarudisha kibuyu."

"Mbona kilikuwa kizito?"

Shemeji akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe umeona wapi kibuyu cha jirani kikirudi kitupu? Alitia ulezi."

Ulezi! Yesu na Maria! Mimi Mchagga wa kuzaliwa, niliyefundishwa na mama yangu kwamba chombo cha mtu kinarudi na kitu ndani hata kama ni chumvi! Ningeinua lile jani la mgomba tu, kwa kidole kimoja. Na ule mstari mweupe mdomoni kwa mtoto ulikuwa maziwa.

"Kwa nini hakuniambia ng'ombe amekauka?"

"Alisema umefiwa, inatosha. Alisema akizaa utaona ndama, utafurahi." Akanoa tena, akaongeza, "Na siku ulipomchukua, wakati wa maziwa ulikuwa umekaribia."

Yaani dada alimlisha Sukari miezi yote ya ukavu, na chungu kilipokaribia kuiva nikaja kukiepua na kumpelekea Domi.

Tulimwona anapanda bondeni na mzigo wa majani kichwani, mkubwa kiasi cha kumficha uso. Mimi nilitambua miguu. Manka alitambua kabla yangu. Alikimbia, akaanguka, akainuka, akaikumbatia ile miguu, na hapo ndipo alipolia, kilio chote alichokiweka akiba Uru. Dada aliutupa mzigo njiani. Alikaa chini kwenye vumbi pale pale, akamweka mtoto kifuani, akawa anampapasa kichwa pale nywele zilipokatika. Hakuniuliza. Nilitamani aniulize, anitukane, anipige.

Nilipiga magoti nikanyoosha jani. Alilitazama muda mrefu. Akalipokea.

"Nimelipokea," akasema. "Mdomo wangu hautalisema tena. Inuka, mdogo wangu, mtori haujapoa."

Mdogo wangu. Tangu kifo cha mke wangu alikuwa ananiita Baba Manka. Tangu siku ile hajaniita hivyo tena, wala si kwa kisasi, dada yangu hana kisasi. Jina lile lilitoka tu, kama kifungo kinavyodondoka na mwenye shati asijue.

Manka alibaki Kibosho. Hakuna aliyeamua, na mimi sikuwa na uso wa kudai. Gauni nililishona wiki ile ile, kwa vipimo nilivyoviweka kichwani. Alipolivaa likampwaya kila mahali. Mizigo miwili ya majani ilikuwa imemla dada yangu, na mimi fundi wa kupima watu sikuona. Nilitaka kulipunguza, akakataa, akafunga mkanda kiunoni, akaenda nalo kanisani akitamba. Wanawake kweli waligeuka!

Mtoto wa dada humwita kaka wa mama yake mjomba. Watoto wa Apolonia wote waliniita mjomba, na Manka alikua katikati yao. Nilingoja akue aelewe. Alipofika umri wa kipaimara nilimvuta kando chini ya kahawa, nikamwambia, "Manka, mimi ni baba yako."

Aliinamisha kichwa kwa adabu. Mtoto amelelewa vizuri, mnajua.

"Najua, mjomba," akasema.

Mwaka huu ameposwa. Kijana wa watu, mwalimu wa shule. Wazee wa upande wa pili walipanda na mbege, nasi tukaketi uani kwa dada. Kigoda cha baba kiliwekwa mbele. Shemeji Kletusi alikuwa amekikalia, akaniona nimesimama nyuma na kofia mkononi. Akainuka. Mtu huyo wa maneno machache! Akanionyesha kigoda kwa mkono, mbele ya watu wote. "Shemeji, njoo. Hapa ni pako."

Dada alikuwa mlangoni na lile gauni langu, limepauka, mkanda kiunoni. Manka alikuwa anatazama chini. Ningeweza kukaa. Damu ni yangu, nani angenikataza?

Nikasema, "Kaa, Baba Manka."

Akakaa.

Mbege ikagawiwa. Kuna fungu la baba, kuna fungu la mama, na kuna la kaka wa mama, blanketi na kata ya mbege. Wakaniita kwa fungu langu. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikawatazama dada na mumewe, nikasema aika kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mama Sabina. Nilikuwa nimechelewa kiasi cha msichana mzima kukua.

Ndugu zangu mnaosoma, msicheke. Rafiki anayekuletea ubaya wa ndugu yako, mtazame mikono yake, imetoka kupapasa nini chako. Ukiona kibuyu kinatoka nyumbani kwa dada yako, inua jani kabla hujainua sauti. Na kama yuko mtu anakulelea mtoto, anakukatia majani, anakufungia ndizi kwenye kikapu, mwambie asante leo, usingoje gauni liishe kushonwa.

Mimi baridi ikizidi hapa mjini najifunika blanketi la mjomba.